Mkaguzi wa Zege: Tathmini ya Huduma Inayoamua Nani Atatoka Hai Tetemeko Likipiga

Huduma ninayoitathmini hapa karibu kila serikali duniani inadai kuitoa: ukaguzi wa majengo yanapojengwa. Nimefunga nondo, kisha nikasimamia umwagaji wa zege, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na wakaguzi nimewaona wa kila aina. Nimefuatilia pia rekodi ya huduma hii katika nchi ambazo ardhi yenyewe imeijaribu. Hukumu yangu naitoa mapema, anayetaka kuishia hapa aishie. Dhidi ya tetemeko la ardhi sijui huduma nyingine ambayo serikali inaweza kumpa mwananchi ikaokoa roho nyingi kuliko hii. Inawezekana hata katika nchi maskini. Inaharibika pale anayemlipa mkaguzi anapokuwa yuleyule anayetakiwa kukaguliwa, na pale jengo linapoanguka halafu hakuna mwenye ruhusa ya kuuliza kwa nini.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wanaizungumzia bila kuiona. Nguzo ya ghorofa ina nondo zilizosimama wima, na nondo hizo zimezungushiwa ringi, yaani pete za chuma, toka chini hadi juu. Ringi ndizo zinazookoa watu. Tetemeko hulitikisa jengo huku na huku, na nguvu kubwa hukusanyika pale nguzo inapokutana na boriti. Zege la nje hupasuka na kudondoka. Kuanzia hapo kinachobeba mzigo ni zege la ndani lililobanwa na ringi. Ringi zikiwa karibukaribu, na ncha zake zimekunjwa kwa nyuzi 135 kuingia ndani ya nguzo, nguzo itapinda, itachanika, jengo huenda likafaa kubomolewa tu, lakini litabaki limesimama na watu watashuka ngazi. Ringi zikiwa mbalimbali, au ncha zimekunjwa nyuzi 90 kwa sababu ndivyo zinavyofungika haraka, zitafunguka. Nondo zitajipinda kwenda nje, zege litamwagika, na sakafu ya juu itaikalia ya chini. Zile picha za sakafu zilizolaliana ambazo huonekana baada ya kila tetemeko kubwa, mara nyingi chanzo chake ni hapo.

Kati ya nguzo hizo mbili tofauti ya gharama ni ringi za ziada na muda wa fundi. Na zege likishamwagwa, zinafanana. Mnunuzi hataona kitu, mpangaji hataona kitu, hata mhandisi akija mwaka unaofuata atahitaji mashine kujua kilichomo ndani. Nafasi ya kuona ipo katika saa chache tu, kati ya kumaliza kufunga nondo na gari la zege kufika. Mkaguzi asipokuwepo saa hizo, akija baadaye anakagua rangi.

Mkaguzi bora niliyewahi kufanya kazi chini yake alikuwa mama mmoja aliyekuja saiti na futi ya chuma na chaki. Hakuongea sana. Alipima nafasi kati ya ringi na ringi, akaweka alama ya chaki mahali ilipozidi, akaingiza vidole kuangalia ncha zimekunjwa vipi. Siku moja alitufungulisha nguzo za upande mzima wa jengo huku zege likiwa njiani. Bosi wetu alipiga simu, akapandisha sauti, akapiga simu nyingine kwa wakubwa. Mama yule alikaa juu ya rundo la mbao akasubiri tumalize. Aliweza kukaa pale kwa sababu mshahara wake haukutoka mfukoni mwa bosi wetu, na kwa sababu mkubwa wake mwenyewe alipopigiwa simu hakumgeuka. Hayo mawili si tabia njema ya mtu mmoja, ni mpangilio wa nchi. Nimefanya kazi pia chini ya mkaguzi aliyesaini fomu juu ya boneti ya gari bila kuvuka uzio, na sidhani alizaliwa na roho mbaya kuliko yule mama. Alijua tu kwamba akisema hapana, kampuni itamtafuta mwingine wa kusema ndiyo.

Mwaka 2010 dunia ilipewa majibu mawili ndani ya wiki saba. Tarehe 12 Januari tetemeko lenye ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti. Tarehe 27 Februari, usiku, tetemeko lenye ukubwa wa 8.8 liliipiga Chile. La Chile lilitoa nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu 525, sehemu yao kwa tsunami. Haiti hata idadi kamili haikupatikana: makadirio yanaanzia chini ya watu 100,000 na serikali yenyewe ilitaja zaidi ya 300,000. Sitaki kulinganisha kwa dhuluma. Kitovu cha tetemeko la Haiti kilikuwa kama kilomita 25 tu kutoka Port-au-Prince, na lilitokea karibu na uso wa ardhi, wakati la Chile lilipasuka chini ya bahari. Lakini hata ukitoa hilo, pengo linalobaki haliwezi kuelezwa na ardhi.

Haiti huduma hii haikuwepo kabisa. Nchi haikuwa na sheria ya taifa ya ujenzi iliyokuwa ikisimamiwa. Watu walijenga kwa matofali ya saruji yenye mchanga mwingi na saruji kidogo, nguzo nyembamba, nondo chache na nyingine laini zisizo na mikwaruzo ya kushika zege, halafu juu yake wakaweka sakafu nzito ya zege. Tusiwacheke. Walichagua zege kwa sababu vimbunga viliwafundisha kuogopa mapaa mepesi, na walijenga kidogokidogo kadiri fedha ilivyopatikana. Waliokosa ni watu wa kuwaambia ringi iwekwe wapi. Novemba 2008, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tetemeko, shule ya La Promesse huko Pétion-Ville ilianguka yenyewe siku ya masomo na kuua zaidi ya watu 90. Hakukuwa na mtikisiko wowote. Serikali yenye uwezo ingesikia kengele ile. Na tetemeko lilipofika, Ikulu ya Taifa ilianguka, wizara nyingi zikaanguka pamoja na watumishi wake, na makao ya Umoja wa Mataifa yaliyokuwa katika Hoteli Christopher yakaanguka pia. Nyumba nyingi za zamani za mbao za Port-au-Prince, zilizojengwa zama za mababu, zilistahimili kuliko majirani zake za zege.

Chile ni mtoa huduma ninayempa alama za juu, nyota nne kati ya tano, na nina sababu. Baada ya matetemeko ya Talca mwaka 1928 na Chillán mwaka 1939, nchi ile ilishika kanuni za ujenzi na haikuziachia. Ilipita serikali za mlengo wa kushoto, za mlengo wa kulia, ikapita udikteta wa kijeshi kuanzia mwaka 1973, ikarudi kwenye uchaguzi, na kanuni ziliendelea kunolewa kila ardhi ilipotoa somo jipya, likiwemo somo la mwaka 1960 huko Valdivia, tetemeko lenye ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Wahandisi wake wana desturi ya kuweka kuta nyingi za zege ndani ya maghorofa badala ya kutegemea nguzo peke yake. Halafu kuna kipengele ambacho kwangu ndicho roho ya mfumo mzima: anayeuza jengo kwa mara ya kwanza anabaki na dhamana ya kisheria juu ya kasoro za mhimili wake kwa miaka 10. Mjenzi anajua kwamba zege likishaifunika siri, siri hiyo bado ni mali yake. Juu ya hapo mahesabu ya majengo makubwa yanapitiwa na mhandisi mwingine asiyehusika na mchoro.

Hata hivyo huko Concepción ghorofa la Alto Río, jengo jipya la ghorofa 15, lilianguka chali usiku ule na kuua watu 8. Waliohusika na ujenzi wake walifikishwa mahakamani. Nyota ya tano naizuia kwa jambo jingine: nchi ileile iliyojenga vizuri ilishindwa kuwaonya watu wa pwani. Kitengo cha jeshi la majini kilichokuwa na jukumu la tahadhari na ofisi ya maafa hawakuelewana, tahadhari ya tsunami ikaondolewa, na watu waliokuwa wamekimbilia mlimani wakarudi chini. Wapo waliokufa kwa kuitii serikali. Lakini hapa tena kuna kitu cha kusifu. Jambo lilichunguzwa hadharani, waliohusika wakahojiwa bila kujali cheo, na mfumo ukatengenezwa upya. Tarehe 1 Aprili 2014 tetemeko la 8.2 lilipopiga karibu na Iquique, zaidi ya watu 900,000 waliondolewa pwani na waliokufa walikuwa 6. Mwaka uliofuata, Illapel, tetemeko la 8.3, takribani watu milioni moja waliondolewa na waliokufa walikuwa 15. Nchi inayoruhusu kuulizwa inajifunza haraka.

Uturuki ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu Uturuki ilikuwa na kila kitu: wahandisi wazuri, viwanda vya saruji na chuma, na kanuni za tetemeko zilizoandikwa vizuri. Tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko la İzmit liliua zaidi ya watu 17,000 kwa hesabu rasmi. Katika vifusi zilikutwa kombe za baharini ndani ya zege, yaani mchanga wa pwani wenye chumvi ulikuwa umetumiwa bila kuoshwa, na chumvi hula nondo taratibu kwa miaka. Taifa lilikasirika kweli. Mwaka 2001 ikapitishwa sheria namba 4708 ya ukaguzi wa majengo. Ilianza katika mikoa 19 tu, ikafika nchi nzima mwaka 2011. Ukaguzi ulipewa kampuni binafsi, na mwenye jengo ndiye aliyechagua kampuni na kuilipa. Mara nyingi mwenye jengo alikuwa amempa mkandarasi mamlaka ya kumwakilisha, kwa hiyo mkandarasi alijichagulia wa kumkagua. Kampuni iliyofungulisha nguzo leo, kesho haikuitwa. Ilichukua hadi mwaka 2019 ndipo kampuni za ukaguzi zikaanza kupangwa kwa mfumo wa kielektroniki badala ya kuchaguliwa.

Na juu ya hapo kuna msamaha. Mara kwa mara, hasa uchaguzi ukikaribia, serikali za Uturuki zimehalalisha majengo yaliyojengwa kinyume cha kanuni. Ule wa mwaka 2018, uliopitishwa wiki chache kabla ya uchaguzi wa Juni, ulitoa vyeti kwa mamilioni. Mwenye jengo alijaza maelezo, akalipa ada, akapata karatasi. Kuhusu kama jengo litastahimili tetemeko, sheria ilisema hilo ni jukumu la mwenye jengo. Nimelisoma sharti hilo mara nyingi na bado linanipandisha hasira. Serikali ilipokea fedha kwa ajili ya huduma na papo hapo ikatangaza kwamba huduma haimo. Waliopiga makofi walikuwa wengi, nakiri, maana familia nyingi zilikuwa zimeweka akiba yote kwenye nyumba zile na hazikuwa na pengine pa kwenda. Ndiyo sababu msamaha wa namna hii ni mtamu kwa mwanasiasa: shukrani anazipokea mwaka huu kwenye kura, na deni litalipwa siku isiyojulikana na watu ambao huenda hata hawajazaliwa.

Siku ilifika tarehe 6 Februari 2023. Matetemeko mawili makubwa, la kwanza lenye ukubwa wa 7.8, yalipiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria siku moja. Uturuki peke yake walikufa zaidi ya watu 53,000. Antakya, jengo la Rönesans Rezidans lenye ghorofa 12, ambalo halikuwa la zamani, lilianguka ubavu. Mjenzi wake alikamatwa uwanja wa ndege wa Istanbul akielekea Montenegro. Adıyaman, Hoteli Grand İsias iliua watu 72, wakiwemo watoto wa timu ya mpira wa wavu waliotoka Kupro ya Kaskazini kuja kushindana. Ardhi ilitikisika kwa nguvu kubwa mno siku ile na sitasema kila jengo lingepona. Lakini katika mitaa ileile palikuwa na majengo yaliyobaki wima na majirani zake yakiwa unga, na udongo ulikuwa mmoja. Mji wa Erzin, mkoani Hatay, hakukuanguka jengo wala kufa mtu, na meya wake alisema ni kwa sababu hawakuruhusu ujenzi wa holela. Wataalamu waliongeza kwamba Erzin imekaa juu ya ardhi ngumu zaidi, nami nawaamini, kwa hiyo sitamvika meya taji zima. Uturuki naipa nyota moja, na nyota hiyo ni ya wahandisi wake waliopiga kelele miaka yote.

Usidhani hili ni tatizo la soko huria peke yake. Katika Umoja wa Kisovieti serikali ilikuwa mwenye kiwanja, mchoraji, mkandarasi na mkaguzi kwa wakati mmoja. Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko la 6.8 lilipopiga Spitak, Armenia, walikufa watu wapatao 25,000. Katika mji wa Leninakan, ambao sasa ni Gyumri, zaidi ya nusu ya majengo ya ghorofa tisa ya fremu za zege lililotengenezwa kiwandani yaliporomoka. Maungio ya vipande vile yalitakiwa kuchomelewa kwa uangalifu pale saiti, na ramani za hatari zilikuwa zimekadiria mtikisiko mdogo kuliko uliokuja. Pale ambapo msifiwa ni yule aliyefikisha lengo la idadi ya nyumba kwa mwaka, mkaguzi anayesimamisha kazi ni adui wa mpango. Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliyekuwa New York, alikatisha ziara. Cha kumsifia ni kwamba alifungua milango kwa waokoaji wa nje. China mwaka 1976, baada ya tetemeko la Tangshan lililoua watu 242,000 kwa hesabu rasmi, ilikataa msaada wa kigeni, na idadi ya waliokufa ilifichwa kwa miaka.

Sichuan, humohumo China, ndiyo inayonigusa zaidi upande huu. Katika tetemeko la tarehe 12 Mei 2008 walikufa watu wapatao 69,000 na wengine kama 18,000 hawakuonekana tena. Shule nyingi zilianguka huku majengo ya jirani yakiwa yamesimama. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kuwa wanafunzi 5,335 walikufa au kupotea. Wazazi waliouliza nani alisaini ukaguzi wa madarasa yale walizuiwa. Tan Zuoren, aliyekuwa akikusanya majina ya watoto waliokufa na taarifa za majengo, alihukumiwa miaka 5 jela Februari 2010. Shtaka lilitaja maandishi yake kuhusu Tiananmen, uwanja wa Beijing ambako waandamanaji waliuawa mwaka 1989, lakini alikamatwa akiwa kwenye kazi ile ya shule. Ukaguzi una sehemu mbili: wa kabla ya zege na wa baada ya kifusi. Wa pili ndio unaoufundisha wa kwanza. Ukiwafunga wanaohesabu watoto, umeamua kwamba shule ijayo itajengwa na watu walewale kwa namna ileile.

Na bado mkoani humohumo palikuwa na mwalimu mkuu Ye Zhiping wa shule ya sekondari ya Sangzao. Alilitilia shaka jengo la madarasa alilolikuta, akaenda kuomba fedha mwaka hadi mwaka, akaimarisha nguzo na kuta kwa zaidi ya yuan 400,000, akawazoesha wanafunzi kutoka madarasani kwa utaratibu. Siku ile wanafunzi wake zaidi ya 2,000 walifika uwanjani kwa dakika 1 na sekunde 36, wote hai. Huyu ni mtu ninayemheshimu kuliko nchi nyingi nilizozitaja. Lakini huduma inayotegemea upate Ye Zhiping siwezi kuipa alama, kwa sababu shule nyingine hazikuwa naye.

Nchi tajiri zenye uhuru nazo huteleza. Japani ilifungua ukaguzi kwa kampuni binafsi kupitia mabadiliko ya sheria ya mwaka 1998, na mwaka 2005 ikabainika kwamba msanifu Hidetsugu Aneha alighushi mahesabu ya makumi ya majengo ili kupunguza nondo, na yalipitishwa. Alifungwa, sheria ikabadilishwa, majengo makubwa yakawekewa mpitiaji wa pili wa mahesabu. New Zealand, Christchurch, tarehe 22 Februari 2011: walikufa watu 185, na 115 kati yao walifia katika jengo moja, la CTV. Tume ya kifalme ilikuta kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro na kwamba kibali cha mwaka 1986 hakikupaswa kutolewa. Mhandisi wa manispaa alikuwa ameandika maswali kabla, na maswali yale hayakujibiwa inavyotakiwa. Msimamizi wa ujenzi alikuja kugundulika hakuwa na shahada aliyodai. Mbaya zaidi, baada ya tetemeko la Septemba 2010 jengo lile lilikaguliwa likabandikwa karatasi ya kijani, watu wakarudi kazini. Ripoti ya tume iliwekwa wazi kila mtu aisome, na hilo ni jema kubwa. Lakini mwaka 2017 polisi waliamua kutomshtaki mtu, na familia zilizopoteza ndugu zina haki ya kuona huduma ile iliishia njiani.

Meksiko wana utaratibu wa mhandisi mwenye dhamana, mtaalamu binafsi anayesaini kwamba jengo ni salama, na anayemwajiri ni mwenye jengo. Mwishoni mwa habari hiyo kuna shule ya Enrique Rébsamen, Mexico City, tarehe 19 Septemba 2017: tetemeko liliwaua watoto 19 na watu wazima 7 chini ya jengo lililoongezewa makazi ya mwenye shule juu yake. Mwenye shule alihukumiwa miaka 31 mwaka 2020. Natamani hukumu kama hizo ziwahi, lakini ziwepo.

Wanaosema nchi maskini haiwezi huduma hii nawaelekeza Nepali. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliua karibu watu 9,000, wengi katika nyumba za mawe na udongo walizojijengea wenyewe. Wakati wa kujenga upya, serikali ilitoa ruzuku ya rupia 300,000 kwa kila nyumba, lakini kwa awamu tatu: 50,000 kuanza, 150,000 msingi ukishakaguliwa, 100,000 kuta zikishakaguliwa. Wahandisi vijana walipanda milima kwa miguu kufika vijijini na mafundi wakafundishwa upya. Palikuwa na ucheleweshaji wa kuchosha, na familia nyingi zilijenga chumba kimoja kidogo tu ili zitimize masharti, kisha zikaendelea kuishi kwenye nyumba ya zamani. Hata hivyo mpangilio wake naupenda kuliko wa nchi nyingi tajiri. Mkaguzi alilipwa na umma, alifika kabla jambo halijafunikwa, na fedha ilimfuata aliyejenga sawasawa badala ya faini kumfuata aliyekosea.

Wataalamu wa matetemeko Nicholas Ambraseys na Roger Bilham walipiga hesabu mwaka 2011 katika jarida la Nature: kwa miaka 30 iliyotangulia, asilimia 83 ya vifo vya majengo kuporomoka kwa matetemeko vilitokea katika nchi ambazo rushwa yake imezidi hata ile inayotarajiwa kwa umaskini wake. Kwa fundi yeyote wa saiti takwimu ile haishangazi. Mkandarasi akizunguka mbuyu, zinazopungua ni ringi.

Upungufu mmoja unazikumba nchi zote. Huduma hii inahudumia majengo mapya. Katika tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995 walikufa watu 6,434, na waliolaliwa na nyumba walikuwa zaidi katika nyumba za mbao zilizojengwa kabla ya kanuni za mwaka 1981. Rasi ya Noto, tarehe 1 Januari 2024, ilirudia habari hiyohiyo: wazee katika nyumba za zamani, vijiji ambavyo vijana wameondoka, na mwenye miaka 80 haoni sababu ya kukopa fedha kuimarisha nyumba atakayoiachia nani. Japani hutoa ruzuku ya kuimarisha, lakini ruzuku inayomtaka mzee aanze kwa kutoa sehemu yake mwenyewe inawaacha nje walio hatarini zaidi. Hapo mkaguzi peke yake hatoshi, panahitaji bajeti.

Unayenunua au kupanga nyumba mpya katika ukanda wa matetemeko, omba kuonyeshwa kumbukumbu za ukaguzi wa nondo kabla ya zege, zenye tarehe na jina la aliyesaini, na majibu ya maabara ya vipande vya zege vilivyovunjwa baada ya siku 28. Uliza mkaguzi alilipwa na nani. Shuka ghorofa ya chini, hasa kama kuna maduka, uangalie kama kuna nguzo au ukuta ulioondolewa kupanua nafasi. Hilo likiwepo usihamie, hata kodi iwe nafuu namna gani. Mgombea akikuahidi msamaha wa majengo, mwulize hadharani nani atakwenda kupima nguzo na kwa fedha ya nani. Na kama unajijengea mwenyewe, mwambie fundi wako asimwage zege la nguzo yoyote hadi umepiga picha ringi zake na futi ikiwa imesimamishwa pembeni, namba zikisomeka.